Mashimo Sita Yalikubali

Harufu ya mpira uliosuguliwa hadi ukaungua bado inanifuata. Nimepita Kindu, Kalemie, Uvira na miji mingine ambayo sikuikalia sana, na popote ninapoinusa harufu hiyo, ninasimama kwanza.

Baba yangu, Papa, alikuwa na gari kuukuu aina ya jipu lililobeba watu na mihogo kati ya Kabambare na Kasongo. Siku moja jiwe lilipasua janti ya mbele kushoto, ile duara ya chuma inayovaa tairi. Tukaenda Salamabila kwa fundi tuliyemwita Muyomba Kalonda, mwenye rundo la janti za magari yaliyokufa. Nilikuwa na miaka tisa. Shule ilikuwa imeshaanza kunichosha, lakini kuhesabu nilikupenda. Nikapanda juu ya rundo, nikaanza kuhesabu mashimo ya nati, janti moja baada ya nyingine.

"Papa, hii iko na sita! Sita kama yetu!"

Muyomba Kalonda akaijaribu, nati zote zikaingia. "Mashimo yakikubali, gari imekubali," alisema. Ulikuwa msemo wake wa kila siku. "Huyu mutoto iko na macho kunipita. Nitamupa kazi, na wewe papa yake utafagia."

Nilivimba kichwa hadi nyumbani.

Wiki hiyohiyo, dada yangu mkubwa, Yaya Faida, alitakiwa afike hospitali Kasongo. Mimba ilikuwa imetimia, na muuguzi alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya tumboni. Faida akakaa mbele na Papa, mimi nyuma. Bwana yake, Musafiri, akatufuata kwa pikipiki. Kila tulipokata kushoto, gurudumu liliguna: kwaruu.

"Papa, gari yako inakoroma kupita Musafiri," Faida alisema.

"Itazoea," Papa akajibu.

Kwenye mteremko kabla ya Lusangi, harufu ya mpira ikapanda. Papa alikanyaga freni, mguu ukazama hadi chini kama amekanyaga maji. Akakanyaga tena. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Mushikilie," akalipeleka gari kwenye ukingo wa udongo.

Tukagonga. Faida alikuwa ameinama, hatikisiki. Nikamshika bega. Sijui nilingoja muda gani kabla hajashika tumbo lake na kutema vumbi.

"Anacheza," alisema. "Mutoto anacheza. Munipatie pikipiki."

Musafiri alikuwa ameshalala chini ya gari. Akatoka na mikono imelowa: kila tulipopinda, tairi lilikuwa likilamba bomba la mpira linalopeleka mafuta ya freni, mpaka likatoboka.

"Nani alichagua hii janti?" alifoka. "Nani?"

Nikafungua mdomo.

"Ni miye," Papa alisema. "Ni miye mwenyewe."

Nilipigwa na butwaa kuliko nilivyopigwa na ajali. Faida alifika Kasongo polepole kwa pikipiki, akapasuliwa, mama na mtoto wakaishi. Na mimi nikaendelea kuamini kwamba mshtuko ulikuwa umemsahaulisha Papa ni nani aliyeichagua.

Miaka mingi baadaye, katika gereji moja Uvira, fundi alinifundisha kuilaza janti uso chini, kuweka fimbo iliyonyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, na kupima kutoka kwenye fimbo hadi pale bamba la mashimo linaposhika gari. Kipimo kikizidi cha janti ya zamani, gurudumu linazama ndani. Bamba likisogea kuelekea upande wa nje wa janti kutoka katikati ya upana, hata kwa vidole viwili, tairi linasogea ndani vidole hivyohivyo, likafika mahali pasipo pake. Mashimo hayasemi lolote kuhusu hilo.

Niliweka fimbo chini, nikakaa. Kipimo kile Papa hakukijua, wala Muyomba Kalonda. Lakini aliyehesabu mashimo, Papa alimjua vizuri. Hakuwa amesahau. Aliniona nikifungua mdomo, akaniwahi.