Sufuria ya Masalu: mwenye mtumbwi ale kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, Masalu Chenge anapuliza moto wa mafiga matatu mchangani, hatua chache kutoka majini. Juu ya moto kuna sufuria nyeusi kwa masizi. Ndani yake maji na chumvi, basi.

Huu ni mwalo wa Kabusanga, mahali wavuvi wanaposhusha na kuuza samaki, njia ya kwenda Magu. Mtumbwi wa kwanza unafika umejaa sangara. Mwenye nao, Josephat, anaruka chini akitabasamu.

"Shikamoo, mzee Masalu."

"Marahaba. Lete samaki mmoja."

Josephat anaokota aliye juu. Masalu anatikisa kichwa, anazamisha mkono wake mpaka chini kabisa ya mtumbwi na kuchomoa mwingine. Anamkatakata, anamtumbukiza sufuriani.

Kinamama wenye matenga wanangoja. Siku hizi Kabusanga hakuna kununua mpaka mwenye mtumbwi ale samaki wake kwanza, mbele ya watu.

Samaki anaiva. Josephat anaitazama sahani.

"Mimi nimekunywa uji, mzee. Nimeshiba."

"Uji wa wapi, na wewe ulikuwa ziwani?" anauliza Dorcas, mmoja wa wachuuzi. "Ulipikiwa na kiboko?"

Wenzake wanacheka. Josephat hacheki, wala hagusi sahani. Kinamama wanageuza matenga yao kifudifudi, mmoja baada ya mwingine. Mtumbwi unasukumwa na kurudi majini na mzigo wake. Josephat atakwenda kuuza mwalo mwingine, ambako hakuna sufuria.

Masalu anamwaga samaki shimoni, anafukia, anasugua sufuria kwa mchanga.

"Sikumtukana," anasema. "Nikimtukana yeye najitukana mwenyewe. Hata mimi nilikuwa nashiba uji."

Masalu ana miaka hamsini na miwili. Ni mchukuzi. Anabeba matenga ya samaki mpaka kwenye mizani, na siku ikiwa nzuri anapata shilingi elfu moja na mia tano. Kazi ya sufuria hailipwi. Aliiomba mwenyewe kwenye mkutano wa mwalo mwanzoni mwa mwaka huu wa 1999. Watu wakamuuliza hila za wavuvi wa sumu amezijulia wapi. Akawaambia.

Mwaka 1996 alikuwa na mtumbwi wake. Soko lilikuwa limeachiwa huru, na dawa ya kuua wadudu wa pamba ikawa inapangwa meza moja na sabuni na betri. Ukitoa hela unapewa. Hakuna aliyeuliza shamba lako liko wapi. Wakubwa walioachia mambo hayo wao wanakula samaki wa ziwa gani, hatujui.

"Tunamwaga dawa kwenye matete, samaki wanaelea wenyewe," anasema Masalu. "Juu ya mtumbwi naweka wawili watatu wa ndoana, wazima. Hao ni wa kuonyesha watu. Nyumbani napeleka maharage."

Mkewe, Getruda, aliuliza mara moja tu: mke wa mvuvi anakulaje maharage mwezi mzima? Masalu akasema amechoshwa na harufu ya samaki.

Siku moja akaja mwaloni Bernadeta, mdogo wake Getruda, anayekaanga samaki wa kuuza mtaa wa Mabatini, mjini.

"Akaniuliza, shemeji, wa leo wazuri? Wanunuzi wengine wamesimama pale. Ningemwambia usichukue, wote wangejua. Nikasema, wazuri, shemeji. Nikamchagulia kwa mkono wangu."

Kipande cha kwanza kilichotoka kwenye karai Bernadeta alimpa binti yake, Precious, wakati huo ana miaka tisa. Mtoto alianguka kabla samaki hawajapelekwa kuuzwa. Alilazwa siku tatu.

"Nilikwenda hospitali na machungwa. Daktari anauliza, mtoto kala nini? Mimi niko pale pale." Masalu anainamisha kichwa. "Nikaendelea kumenya chungwa."

Getruda alifariki mwaka jana kwa malaria, bila kujua. Siku ya kumaliza matanga wazee wakauliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye. Masalu akasimama, akasema mdaiwa ni yeye, na anayemdai ni Bernadeta. Akaeleza yote. Bernadeta akachukua kanga yake, akaondoka.

Mara mbili Masalu amekwenda kwenye ofisi moja mjini kusema sumu bado inauzwa. Akaambiwa alete maelezo kwa maandishi. Yeye, aliyeishia darasa la tatu. Baadaye Wazungu walipokataa samaki wetu, ndipo magari ya wakubwa yakaonekana mwaloni, vioo juu. Sisi tuliokula miaka yote, sijui walidhani hatuna matumbo.

"Wakubwa wana makosa yao, tena mengi," anasema Masalu. "Lakini aliyesema wazuri ni mimi. Hapo hakuna waziri."

Tangu matanga, kila Jumamosi anapanda baiskeli na sato mmoja wa ndoana, aliyemvua mwenyewe, mpaka Mabatini. Miezi yote hiyo alikuta mlango umefungwa. Alikuwa akirudi na samaki wake.

Jumamosi iliyopita mlango ulifunguliwa. Bernadeta alimpokea sato bila salamu, akamkaanga, akamweka mbele yake kwenye sahani.

"Kula kwanza, shemeji," akasema.

Masalu akala. Precious alisimama mlangoni akimtazama mdomo. Alipomaliza, Bernadeta akachukua sahani ikiwa na mifupa mitupu, akaiosha. Hakuonja.

Masalu ana mpango wa kupeleka sufuria ya pili kwenye mwalo wa jirani, alikoelekea Josephat. Lakini kwanza kuna Jumamosi.

"Nitakwenda tena," anasema, akifunga sufuria nyuma ya baiskeli. "Nitakula peke yangu na wao wananitazama. Safari hii nitambakizia mtoto upande mmoja. Asipoula, nitaula na huo, nirudi wiki ijayo."