Dhahabu ya Kijaluba cha Baba Mkwe

Ni mimi niliyewasugua wale ndege hadi dhahabu ikawatoka. Miaka kumi na moja nimekana, tena kwa ufasaha, maana chuo kikuu kilinifundisha kukana kwa aya zilizopangika.

Kijaluba kilikuwa cha baba mkwe, mkulima wa tangawizi kule Mamba. Alikileta kutoka China, alikopelekwa mafunzoni ujanani: nakala ya vijaluba vyao vya kale, fedha iliyofuliwa, juu ya mfuniko ndege wawili waliopakwa dhahabu katikati ya maua. Ndani aliweka ugoro. Mimi nilikuwa nimesoma habari za mafundi wa kale. Walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka ndege na maua tu, kisha wakapasha moto mpaka zebaki ikaondoka na mvuke, dhahabu ikabaki nyembamba kama pumzi. Niliwaeleza wakwe zangu yote hayo mezani, bila kuombwa.

Krismasi moja, nikiwa zamu ya vyombo, nikakiona kimeingia weusi. Kwetu mke wa mtu hupimwa kwa masufuria yake. Nikachota majivu na mchanga, nikasugua kama nilivyolelewa. Kikang'aa chote, cheupe pe, sawasawa na sufuria ya wali. Nikakirudisha kabatini.

"Nani kaniulia ndege wangu?" baba mkwe akauliza.

Macho yakamgeukia wifi yangu, binti yake, ambaye hata mwiko alikuwa akiusugua ukapungua. Mimi nikatoa maoni ya kitaalamu: majivu, nikasema, yana madhara makubwa kwa vitu vya namna hii.

Mwezi huu mzee anagawa vitu vyake. Kijaluba, akatangaza, kitakuja kwangu Same, kwa mtu anayejua thamani yake. Bintiye mwenye mikono ya msasa asikiguse. Siku tatu nikashika simu na kuiweka. Ya nne nikampigia wifi, aliyeolewa Makanya.

"Wifi, kile kijaluba nilikisugua mimi."

"Najua. Nilikuona pale bombani."

"Na ukanyamaza?"

"Tangu siku ile nani kanipa sufuria nioshe? Mnaniogopa wote. Harusi, misiba, mimi nakaa na wageni nakunywa chai, wewe na shahada zako uko karoni."

"Basi nitamwambia baba leo hii."

"Thubutu. Chukua kijaluba chako, wifi. Na Jumapili uwahi, kuna masufuria ya kipaimara."