Dakika Nne za Susu Kando ya Silanga

Enzi zetu, ukielekezewa kamera uliacha kupumua. Mpigapicha alikuja sokoni Muthetheni kwa baiskeli Krismasi ikikaribia, na kwa kuwa picha ilikuwa moja kwa mwaka mzima, hakuna aliyetaka kuiharibu kwa kupepesa macho. Tulipakwa mafuta mpaka magotini, tukasimamishwa kando ya kistuli chenye maua ya plastiki, mikono imenyooka, hakuna kucheka. Wa rika langu mnajua. Fungueni albamu za kwenu muone ukoo mzima ulivyokaza uso kama unaosomewa kesi.

Mimi nilipenda picha zinazotembea. Gari la sinema la kampuni ya sabuni lilikuwa likija kwenye uwanja wa shule ya msingi, tukakaa mavumbini tukitafuna mahindi ya kuchoma, tukitazama watu wa mbali wakipigana na kupendana juu ya shuka jeupe. Nilishangaa mbona hamna hata mmoja wa kwetu. Nikatoboa mkebe wa mafuta ya kupikia, nikawa nazunguka nao jichoni nikiuliza watu habari zao, kuanzia fundi wa viatu hadi mama muuza ndengu. Mama aliniita kutoka jikoni, "Mbithe, hiyo mkebe itakupea chakula? Ng'ombe bado hazijakunywa maji." Nikawapeleka ng'ombe silanga, lile bwawa letu la udongo, mkebe ukining'inia shingoni.

Silanga hilo lilichimbwa na akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, kwa majembe na makarai. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyewaongoza. Nilipofika kidato cha tatu, miaka ya tisini ikiyoyoma, wenzake wote walikuwa wamezikwa, akabaki yeye peke yake na habari zile. Kwa hivyo Mwalimu Kioko wa Kiswahili alipoazima kamera ya video ya parokia kwa Jumamosi moja, akauliza nani ana hadithi ya kupigwa filamu, nilisimama kabla hajamaliza swali. Nilitaka sauti ya Susu ibaki. Sijawahi kutaka kitu namna ile tena.

Jumamosi ilipofika, mimi na Mwalimu tulimkuta Susu kando ya silanga amejifunga kitambaa cha kanisani. Alikuwa amebeba kistuli chake kutoka nyumbani, na maua ya plastiki juu. Nikabonyeza. Akanyooka, akaikazia lenzi macho, kimya. Nikamwambia aanze. Kimya. Mwalimu akamwonyesha kwa mikono kwamba anaweza hata kutembea. Hakusogea hata kidole.

"Susu, hii si ya picha," nikamwambia. "Hii inashika maneno. Ongea tu."

"Maliza kupiga kwanza, ndio niongee," akajibu kwa pembe ya mdomo. "Unataka nitoke nikiwa mdomo wazi?"

Betri tulikuwa tumeichajia kwa jenereta ya kinyozi, na haikujaa. Taa nyekundu ikaanza kumetameta. Nilimbembeleza, kisha nikamkaripia, mimi mtoto wa juzi kumkaripia Susu, na bado naona aibu. Mwishowe nikasema, "Basi, nimemaliza," nikazima.

Hapo ndipo alipofunguka. Alisimulia yote, na nyimbo akaimba. Nilipobonyeza tena, betri ilikuwa imekufa. Nilinuna. Nikawa nafuta lenzi, nakunja waya, namsikiliza nusu nusu, maana moyoni nilishajiambia tutarudia siku nyingine.

Siku ya wazazi filamu yangu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa, na wazee wakapiga makofi. "Huyu mama amesimama vizuri," mmoja akasema, na hakuwa anatania. Muhula uliofuata Mwalimu Kioko alihamishwa. Kamera haikuazimwa tena, na mvua za Aprili zilipokuja tukamzika Susu.

Siku hizi napiga video za harusi na mazishi hapa Machakos mjini. Nimechoka. Mgongo unauma, macho yanauma, na hotuba za mashemeji nimezikata mpaka naziota. Vijana wa leo hawajui kusimama mbele ya kamera. Akiamka anaisimulia simu ndoto yake, akila chapati anaionyesha, akikohoa anatuma. Huwa nawacheka, kisha naona wivu, kwa sababu wajukuu wao watasikia kila kitu, hata kile kikohozi. Sisi tulikuwa na watu wenye mambo ya kusema, na betri moja ya kuazima.

Kanda ile niliihamishia kwenye kompyuta. Ni dakika nne, na karibu zote ni sauti yangu ikimwambia aongee. Watoto wangu huniuliza Susu alisema nini kuhusu silanga. Nawaambia kuna mwanamke aliyeanguka na karai wakacheka, na kulikuwa na wimbo wa jua kali. Jina la yule mwanamke silikumbuki. Wimbo pia siukumbuki.

Mwisho wa kanda nasikika nikisema nimemaliza. Mabega ya Susu yanashuka, anageukia maji, anafungua mdomo, picha inakatika. Aliyokuwa akianza kusema aliyasema yote siku ile, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nafunga zipu ya mfuko wa kamera.