Anwani ya Bwana Constant

Kwenye tovuti ya komuni, yaani manispaa mojawapo ya Brussels, chini ya picha yake, wameandika kwamba Margita Lakatošová ni mtu wa kwanza wa jamii ya Waroma, wale waitwao Majipsi, kuwa naibu meya pale, mzaliwa wa Slovakia, mtetezi wa familia zisizo na makazi. Hawakuandika kwamba ana kinyongo. Anayelijua hilo ni Nday, mwenye saluni katika Galerie d'Ixelles, aliyemwajiri kufagia nywele miaka sita na kumwambukiza Kiswahili cha Lubumbashi.

Chanzo ni hiki. Brussels ukihamia nyumba, polisi wa mtaa huja kuhakikisha kweli unaishi pale. Asipokukuta, jina lako hufutwa kwenye rejista ya wakazi, na huduma zote zinakwenda nalo. Kwa Margita alibisha hodi mara tatu, kila mara saa tatu asubuhi, Margita akiwa kazini. Mama yake, mgonjwa wa figo, alikuwemo ndani. Lakini bibi yule alikuwa amefukuzwa na polisi kutoka vijiji viwili huko kwao, na mlango hakuufungua.

Diwani Constant, msimamizi wa rejista wakati huo, akatia saini bila kuinua macho. "Watu wa kuhamahama hawana anwani," alisema. Kadi ya matibabu ya mama ikafa, na mama akaifuata baada ya miezi minne.

Margita hakulia mbele yake. Alisoma sheria, akawasindikiza Waroma wenzake ofisi hadi ofisi, akapata uraia, akagombea, akashinda. Mwaka jana akakabidhiwa rejista yenyewe. Constant alikuwa bado diwani. Sasa, sheria inataka diwani aishi ndani ya komuni, na hakuna asiyejua kwamba mzee huyo anaishi Ostende, mji wa pwani, anakuja siku za vikao tu.

Margita akamtuma polisi kwenye anwani ambayo mzee aliandikishwa mle komuni. Mara tatu, saa tatu asubuhi.

Constant akaja ofisini na kofia mkononi. "Madame, mke wangu ana mapafu mabovu, hewa ya bahari ndiyo inayomweka hai. Nimetumikia miaka thelathini. Kiti hiki ndicho kilichonibakia."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Margita alimwona mzee akiomba na, tuseme ukweli, alifurahi. Huruma hakuwa nayo hata ya kuazima. Akatia saini taratibu hati ya kumfuta kwenye rejista, mzee akitazama, kisha akampa nakala yake.

Jumamosi alikwenda saluni kumsimulia Nday. Nday aliacha kusuka.

"Bon, Maman Margita, ile umefanya ni mubaya. Muke ya ule muzee ni mugonjwa. Maman yako angesikia aibu."

"Angeniuliza sababu ya nini nimekawia hivi," Margita akasema. "Haukumujua maman yangu."