Pete Ndogo ya Lalla Ghita

Bwana Thami Lahlou, au Si Thami kama tulivyomwita kwa heshima, alikuwa mwongo, na mji wote wa Fez ulijua. Lakini uongo wake haukuwahi kumpunguzia mtu hata punje ya dengu, na mimi nawajua wakweli wengi wasioweza kusema hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwatembeza wageni katika mji wetu wa kale, kanzu imepigwa pasi, beji ya shaba inaning'inia kifuani, na kila historia iliponyamaza yeye alijazia. Wafalme na mawalii hakuwagusa. Hao wana watu wao wa kuwatetea. Alizua ya watu wadogo: fundi aliyepanga vigae vibaya makusudi ili aitwe tena amwone binti wa nyumba, nyumbu aliyegoma kupita mbele ya duka la aliyemdai bwana wake. Wageni walicheka, wakarudi kwao wameridhika.

Uongo alioupenda kuliko wote ulikuwa wa mlango mmoja katika kichochoro cha Sidi Yaala. Kama milango yetu mingine ya zamani, ulikuwa na pete mbili za kubishia hodi: kubwa ya juu, yenye mlio mzito, ya wageni, ndogo ya chini, yenye mlio mwembamba, ya watu wa nyumbani. Aliye ndani husikia tu akajua kama ajitande ushungi au akimbilie birika la chai. Si Thami alisimulia kwamba zamani bwana harusi mmoja, kichwa kimemvimba kwa kiburi, alibisha kwa pete kubwa kama mtoza kodi. Bibi harusi akamwacha nje siku saba, mpaka alipojifunza kuigusa pete ndogo, polepole, mara tatu. Hapo Si Thami huinama akaonyesha mwenyewe: ti, ti, ti. Wageni hupiga makofi, msafara ukaendelea. Hakuna aliyewahi kufungua, naye alidhani mwenye nyumba, mjane aitwaye kwa heshima Lalla Ghita, yuko ndani sana hasikii.

Basi ikaja barua kutoka ofisi ya utalii. Alhamisi mkaguzi angefuatana na msafara wake, na mwongozaji yeyote atakayekutwa akisimulia yasiyomo katika kitabu cha ofisi angevuliwa beji. Asubuhi hiyo mkewe Batoul alimshika kanzu mlangoni.

"Baba Hicham, leo tu. Ufunge huo mdomo."

"Nimekusikia."

"Kusikia unasikia sana. Wakikuvua beji na umri huo utafanya kazi gani, wewe ambaye hata msumari hujui kupigilia?"

Mkaguzi alikuwa msichana aitwaye Nawal, viatu vipya, daftari kifuani, kalamu haikauki. Wageni walikuwa Wabelgiji wanane. Si Thami akawapa tarehe. Akawapa urefu wa kuta na idadi ya nguzo. Kufika soko la shaba mgeni mmoja alikuwa akipiga miayo, na nyumbu mwenye shehena ya ngozi mbichi nusura awakumbe. "Simile! Simile!" akapiga kelele mwenye nyumbu, wakabanana ukutani. Ba Allal, muuza dengu za kuchemsha, alikuwa akimsikiliza Si Thami kwa mshangao.

"Si Thami! Leo umemeza kalenda?"

"Niache, niko kazini."

"Kazini? Mimi nilidhani uko msibani, nikataka kukupa pole."

Si Thami akatabasamu upande mmoja tu. Moyo ulimuuma. Walipofika kwenye mlango ule, miguu ilisimama yenyewe kwa mazoea na mkono ukawa umeshanyooka. Akaiona kalamu ya Nawal. Akaurudisha mkono.

"Mlango wa mwerezi," akasema. "Karne ya kumi na nane. Twendeni."

Hawakufika hatua kumi, dirisha la juu likafunguliwa kwa kishindo.

"We Thami! Hebu rudi hapa!"

Alikuwa Lalla Ghita, kitambaa cheupe kichwani, bilauri ya chai mkononi.

"Lalla, samahani, leo tuna haraka..."

"Haraka ya kwenda wapi? Bwana harusi umemtupa wapi? Chai inapoa, namngoja yeye!"

Kumbe miaka yote alikuwa akisikilizwa.

"Bwana harusi gani, Si Thami?" Nawal akauliza.

Hapo angeweza kuruka futi mia. Lakini kumkana bwana harusi wake mbele ya yule bibi na bilauri yake kulimshinda. Akarudi. Akasimulia yote, kiburi na siku saba, mikono ikipaa, mpaka yule wa miayo akaomba arudie. Kisha akainama: ti, ti, ti.

"Hii haimo kitabuni," Nawal akasema. "Umeitoa wapi?"

"Kwangu!" Sauti ilitoka juu. "Bibi harusi mwenyewe ndiye mimi. Siku saba nilimweka nje marehemu, Mungu amrehemu. Kwani binti, hicho kitabu chako kilikuwepo harusini?"

Nawal alimtazama bibi, akamtazama Si Thami, akaitazama kalamu. Kisha akaandika, akitamka polepole: "Mwenye nyumba... amethibitisha." Akawaongoza Wabelgiji mbele, kwenye chemchemi, wakapige picha.

Mlango ukafunguka kidogo.

"Mwongo mkubwa we," Lalla Ghita akanong'ona.

"Nisamehe, Lalla."

"Marehemu alikuwa na ufunguo wake. Miaka arobaini hakubisha hata siku moja." Akaifuta pete ndogo kwa ncha ya kitambaa chake. "Watoto nao wako Marseille. Tangu waondoke, pete hii haiguswi na mtu ila wewe. Usinipite tena."

Si Thami akaweka mkono kifuani, akainama, kisha akawafuata wageni wake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Baada ya sala alikwenda kichochoro cha Sidi Yaala bila beji wala mgeni, nyuma yake Batoul na sinia la kuskusi lililofunikwa. Akainama, akaigusa pete ndogo mara tatu. Safari hii hakuondoka. Alisimama akangoja afunguliwe.