Merikebu Iliyosifiwa na Adui

Iisakki Rantakangas alikuwa nahodha, na ole wako usahau kumwita hivyo. Hata kwenye bafu la mvuke, wanaume wote wakiwa uchi na jasho linawatiririka, yeye alitaka aitwe nahodha. Maisha yake yote alipeleka lami na mbao Uingereza, akarudi na chumvi, na kila safari majivuno yalikuwa mengi kuliko chumvi. Mkewe, Valpuri, alishayachoka kabla hata hawajamaliza mwaka wa kwanza wa ndoa.

Kisha Mfalme wa Urusi, mtawala wetu, akagombana na Mwingereza yuleyule mnunuzi wa lami, na manowari zikaja kufunga bahari. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Chumvi ikatuishia, samaki wakatuozea mapipani. Bandari ya jirani ikachomwa, merikebu na lami yote. Valpuri alikosa usingizi. Merikebu ya mumewe ilinunuliwa kwa ng'ombe aliopewa na babake alipoolewa, na hawakuwa na mali nyingine. Ikiungua, uzeeni atakwenda kukamua ng'ombe wa watu.

Pwani nzima ilikuwa na dawa moja tu: iharibu merikebu yako mwenyewe, adui aione gofu, apite zake. Valpuri akawaita wanawake wenzake. Wakaikokota hadi ndani ya hori, mkono mwembamba wa bahari, wakashusha milingoti ufukweni na kuifunika kwa matawi ya misonobari, wakang'oa mbao za ukingoni, wakapaka ubavu wote matope na mavi ya ng'ombe. Wakafungia kondoo humo ndani. Na bwana mkubwa? Alisimama ufukweni na kiko chake, kanuna.

"We mwanamke, unanivunjia heshima."

"Heshima yako tutaila na mkate? Shika ndoo."

"Mimi nahodha, nishike ndoo ya mavi?"

"Basi nyamaza. Hilo angalau unaliweza?"

Hakuliweza, kama mtakavyosikia.

Mashua za Mwingereza ziliingia horini asubuhi moja. Ofisa wao, kijana mwenye ndevu za kuhesabika, alipanda merikebuni, akakanyaga samadi, akashuka mbio ameziba pua. Mabaharia wakacheka. Akasema kitu kwa Kiingereza, na Iisakki, aliyekijua cha bandarini, akakielewa vizuri.

"Mlevi gani alijenga takataka hii? Hata kuni haifai. Twendeni, tusipoteze baruti."

Wakageuka. Valpuri hakujua neno la Kiingereza, lakini mgongo wa mtu anayeondoka aliujua. Akashusha pumzi.

"Ngoja kwanza!" Iisakki akapaza sauti. "Takataka? Hii? Nilitia nanga kwenu na merikebu hii kabla mama yako hajakuzaa!"

"Iisakki," Valpuri akamnong'oneza, "funga mdomo wako, nakuomba."

Thubutu! Alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini, anakwangua mavi kwa mkono wa koti lake la Jumapili. "Tazama mbao! Kiini kitupu cha msonobari! Gonga! Gonga usikie!" Akakimbilia nchi kavu, akayatupa matawi huku na huku, milingoti ikabaki wazi inang'aa. "Na hii? Una mlingoti kama huu kwenye manowari yako, we mtoto?"

Ofisa akarudi taratibu. Akagonga ubavu kwa kitako cha bastola, akasikiliza. Akapapasa mlingoti. Kisha akavua kofia, kwa adabu kabisa.

"Nisamehe, nahodha. Ni merikebu nzuri sana."

Akaamuru kondoo washushwe, halafu moto uletwe.

Valpuri aliwaona mabaharia wanapanda na lami na matambara, akakaa palepale kwenye mchanga. "Amesema nini?" akauliza. "Iisakki, mtu huyu amekwambia nini?"

"Amesema ni merikebu nzuri sana," Iisakki akajibu. Na haki ya Mungu, mjinga yule alikuwa anatabasamu.

Majira ya baridi yalipofika, Valpuri alikuwa anakamua ng'ombe wa watu. Iisakki alikuwa kwenye jiko la watu haohao, kavuta kiti karibu na moto, anawasimulia jinsi ofisa wa Kiingereza alivyomvulia kofia.