Mufuate Ule Mwenye Hakununua

Mwanangu, kaa hapa kidogo. Najua utacheka, utasema huyu naye miaka yake ni ngapi mpaka aniite mwana. Cheka tu. Mvi sina, na masomo yangu ilikomea primeri, ariko iko siku moja yenye haitokake mu kichwa yangu, na nataka uisikie mbele ya kufungua ile biashara yako unasemaka kila saa.

Nilikuwaka natumika kwa Mama Neema, chef, ni kusema mukubwa, ya kikundi ya bamama ya karoti. Karoti inatoka Nyakiriba, tunaiosha asubuhi ku muto, tunabeba ku kichwa, tunapita Petite Barrière, pale mupaka ya Rwanda na Congo, tunauza Goma. Na karoti ya Mama Neema, yoo! Ilikuwa inang'aa, ungesema inaenda misa. Aliisugua na kitambaa, moja moja, na sisi bote alitufundisha vile. Jina yake ilikuwa mu ile kung'aa.

Bon. Ikafika wakati bakiliya, bale ya kununua ku Goma, banapita mbele yetu kama hatuko. Jioni karoti inarudi na sisi, imelainika. Bamama bakaanza kunong'ona: kila mutu ajitafutie. Kama bangeenda, kikundi imekufa, na mi narudi nyumbani kuangalia ukuta.

Chef mwingine angetutukana. Mama Neema akaniita.

“We Mudomo,” njo jina alinipa, unajua juu ya nini, “kesho usiuze. Ufuate ule mwenye hakununua, umuulize.”

“Nimuulize nini, Mama?”

“Juu ya nini hakununua. Kisha unyamaze. Ile ya pili njo itakuwa nguvu kwako, ngumu kuliko kuuliza.”

Nikajiuliza, kazi gani hii? Niliona batu banafuata mwizi. Mwenye kufuata mutu juu hakununua, sijaonaka.

Kesho yake nikafuata mama moja mwenye kupika ku restora. Akageuka mbio.

“We kasichana, unanifuata juu ya nini? Unataka sakoshi yangu?”

“Oya, hapana Mama! Nataka tu kujua juu ya nini karoti yetu haikupendezi.”

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kumbe hakuna mutu alishamuulizaka ile! Akanipeleka mu jikoni. Chini ya meza iko gunia ya karoti chafu, udongo mutupu, ungesema viazi.

“Hii iko hapa tangu juma imepita. Gusa.”

Nikagusa. Ngumu!

“Yenu ni kama bibi-harusi,” akasema, “inapendeza siku moja. Mi frigo sina. Karoti ikishaoshwa, inaoza mbio. Maji niko nayo, nitaosha mwenyewe.”

Nikanyamaza. Kweli, ilikuwa nguvu.

Sasa angalia shida yangu. Naenda kuambia chef namna gani kama kitu yenye anajivunia njo inafukuza bakiliya? Ku barrière, mu mustari, nikaelezea Mama Claudine wa kikundi yetu, naye akanifinya.

“Sha, sema ni bei. Ukisema ni maji, kesho huna kazi.”

Nilitaka kabisa kusema ni bei. Bei haikasirishake mutu. Ariko tukakuta Mama Neema anatungojea ku njia, na uso yake ilikuwa inataka kujua, haikutaka sifa. Nikamwaga yote, hata ile ya bibi-harusi.

Mama Neema akanisogelea. Bamama bakaangalia chini.

“Na we, uligusa?” akauliza.

“Niligusa, Mama.”

“Ilikuwa ngumu aje?”

Mwanangu, macho yake ilikuwa kama ya mutoto mwenye kuona gari mara ya kwanza! Hakuuliza nani anamucheka. Aliuliza ngumu aje.

Akaweka karoti mu nyumba yake, ingine imeoshwa, ingine na udongo yake, kila asubuhi anagusa. Yenye kuoshwa ikaoza ya kwanza. Njo akatuita ku muto, akasema mbele ya bote:

“Mi njo nilibafundisha ninyi kuosha. Nilikosea. Leo tunapanguza na mukono tu. Mudomo njo amenifundisha.”

“Yesu! Chef anasema vile?” Mama Claudine akanong'ona.

Hakuna mwenye aliacha kikundi. Bakiliya bakarudi polepole, si bote. Kama ile maneno ilimuuma Mama Neema ndani ya roho, sijui. Mpaka leo najiuliza.

Donc sikia. Siku utakuwa chef, hata ya batu mbili na beseni moja, usikae tu na mwenye kununua, ule anakupenda tayari. Ufuate mwenye alipita, umuulize, unyamaze. Na mutu akikuletea neno ya kuchoma, mbele ya kukasirika muulize swali ya pili. Kisha ukikosea, sema mbele ya bale bale ulifundisha, usiseme mu kona.

Enda, mwanangu. Mungu akupatie shingo ya kubeba na miguu ya kufika, na katikati ya batu yako akuwekee hata moja tu mwenye hakuogopi.